Nataka uzamivu wa saikolojia ya kazi, nipo Kasulu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni ofisa rasilimali watu katika shirika linalohudumia wakimbizi hapa Kasulu, mkoani Kigoma. Nina miaka 36, nina mume na watoto wawili. Shahada ya kwanza nilisoma sosholojia, ya uzamili nikasoma usimamizi wa rasilimali watu. Kwa miaka tisa nimeona watumishi wazuri wakiishiwa nguvu na kuondoka, na nimeona wengine wanabaki lakini kama hawapo. Nataka kusoma uzamivu wa saikolojia ya kazi na taasisi, ila nimetafuta hapa nchini sijaona chuo chenye PhD ya jina hilo. Kuna chuo cha mtandaoni kinaniambia nitamaliza kwa miezi 18. Je, nianzie wapi? Itabidi nirudi kusoma saikolojia upya? Na kwa umri wangu sijachelewa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole na kazi.

Nianze na la pesa, maana halingoji. Chuo hicho cha miezi 18 usikilipe hata ada ya maombi mpaka umefanya mambo mawili. Kwanza, waandikie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ukitaja jina kamili la chuo na la programu, uulize kama shahada yake inatambuliwa. Shahada ya nje isiyotambuliwa na TCU haitakupa kazi ya kufundisha chuo chochote cha hapa nchini. Pili, mwombe huyo wa chuo anayewasiliana nawe akutajie jina la mtu atakayekusimamia, kisha utafute tafiti alizochapisha mtu huyo uzisome. Asipokuwa na jina la kukupa, basi hakuna usimamizi, na pasipo usimamizi hakuna uzamivu. Wakikwambia programu yao ya saikolojia ya kazi ina ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ujue wanakudanganya: ithibati ya uzamivu ya APA ni ya saikolojia za kitabibu, za ushauri nasaha na za shule, na programu za saikolojia ya kazi hazimo. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakiuza kiwanja kulipia karatasi ya namna hiyo. Inaniuma kila nikikumbuka.

Sasa tuje kwako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama kwenye maneno haya: "wanabaki lakini kama hawapo". Uzamivu wako umo humo. Mengine yote uliyouliza, chuo, jina la shahada, saikolojia upya au la, yanajibika vizuri ukishajua unataka kuuliza nini hasa kuhusu hao waliobaki kama hawapo. Watu wengi huanza na chuo, kisha wanatafuta cha kuuliza ili wajaze fomu. Mwaka wa tatu unawakuta wamechoka na swali ambalo halikuwahi kuwa lao.

Kabla ya swali lenyewe, jipime kwanza kama ni uzamivu unaouhitaji. Kama unachotaka ni kuipanga ofisi yako vizuri, kuendesha usaili wa haki na kuwasaidia watumishi wasizidiwe, uzamili mzuri wa saikolojia ya kazi unatosha, na utaumaliza haraka. Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, wanao uzamili wa saikolojia ya taasisi, na si mbali nasi. Kama unataka kusajiliwa na kuitwa mwanasaikolojia wa viwanda Afrika Kusini, uzamivu peke yake hautakupa jina hilo. Kule wanataka uzamili wa fani yenyewe, mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi, na mtihani wa baraza lao la taaluma za afya. Uingereza nako jina la mwanasaikolojia wa kazi linalindwa kisheria, na lina njia yake ya usajili. Uzamivu ni wa mtu anayetaka kujua jambo ambalo bado halijajulikana, akalithibitisha mbele ya watu wanaojua kupinga. Nikikusoma nakuona ni mtu wa namna hiyo, lakini jibu lako ndilo lenye uzito.

Fani yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha Harvard, alikuwa ameshaandika kuhusu saikolojia na ufanisi wa viwanda kufikia 1913. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta majaribio ya kuwapima askari wa Marekani kwa makundi makubwa, moja la wanaojua kusoma na jingine la wasiojua. Kisha kukaja tafiti za kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kati ya 1924 na 1932. Huko ndiko lilikotoka somo ambalo watu hawajaacha kubishana juu yake hadi leo, kwamba mfanyakazi anayejua anaangaliwa hubadilika kwa kule kuangaliwa tu. Hilo liweke akilini, nitalirudia nikifika kwenye suala la wewe kuwahoji wenzako.

Tofauti yake na rasilimali watu uliyosoma naiona hivi: ofisa utumishi anauliza "huyu tumfanyeje?", mwanasaikolojia wa kazi anauliza "kwa nini iko hivi, na tunajuaje?" Chukua usaili. Kila ofisi ina mzee anayesema mtu akiingia mlangoni anamjua. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wa mpangilio, yaani kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale yanayotokana na kazi yenyewe na kupewa alama kwa kigezo kilichoandikwa mapema, ukatoka juu ya njia zote. Ulizipita hata zile za kupima akili zilizokuwa zimeshika nafasi ya juu kwa muda mrefu. Jambo hilo unaweza kulitumia Jumatatu bila kuongeza shilingi kwenye bajeti. Hiyo ndiyo raha ya fani hii.

Kuhusu jina la shahada, usihangaike. Uzamivu wa hapa kwetu kwa sehemu kubwa ni wa utafiti: unajulikana kwa tasnifu yako na kwa aliyekusimamia. Unaweza kusajiliwa idara ya saikolojia, au shule ya biashara, au ya utawala wa umma, na kazi yako ikawa saikolojia ya kazi kuanzia ukurasa wa kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe wanapokea wanafunzi wa namna hiyo. Chuo Kikuu Huria kina faida moja kubwa kwako: kina kituo Kigoma mjini, na mfumo wao ulijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu mwenye kazi na familia. Ukitaka jina la fani liandikwe kabisa kwenye cheti, tazama Afrika Kusini. Stellenbosch wana idara ya saikolojia ya viwanda. UNISA nao wana idara ya fani hii na wanafundisha kwa masafa, kwa hiyo unaweza kubaki Kasulu. Ila Afrika Kusini watakuuliza uzamili wako unahusiana vipi na fani, na huenda wakakuongezea masomo kabla ya kukupokea.

Marekani njia ni nyingine kabisa. Wao wanaweza kukupokea hata kwa shahada ya kwanza, unasoma madarasani miaka miwili au mitatu, kisha tasnifu. Jumla mara nyingi ni miaka mitano. Programu nzuri zinakulipa: unasaidia kufundisha au kutafiti, ada inafutwa, unapewa posho ya kuishi. Maombi hufungwa karibu na Desemba kwa masomo yanayoanza Agosti inayofuata. Vyuo vingi vimeacha kudai GRE, mtihani wa kujiunga na masomo ya juu, lakini si vyote, kwa hiyo angalia kila kimoja. Uholanzi nayo ina utaratibu ninaoupenda: nafasi nyingi za uzamivu zinatangazwa kama ajira, una mkataba na mshahara, kwa kawaida miaka minne. Wale wanaoongoza dunia kwenye utafiti wa uchovu wa kazi wengi wametokea kule, na ndiyo maana nakutajia.

Kwa hiyo, kurudi kusoma saikolojia upya? Shahada nzima, hapana. Lakini usijidanganye kwamba sosholojia na rasilimali watu vinatosha. Utahitaji mambo matatu ambayo pengine hukuyapata: saikolojia ya tofauti za watu na ya motisha, nadharia ya upimaji, na takwimu za kiwango cha juu. Mawili ya kwanza unaweza kuyasoma mwenyewe kwa mwaka mmoja ukiwa na nidhamu. Takwimu tafuta mtu.

Turudi kwa waliobaki kama hawapo.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watu waliokuwa wakijitolea kwenye kliniki ya bure. Walianza na moto wa kusaidia, na baada ya muda wakawa majivu. Kumbe mwanzo wa utafiti wa uchovu sugu wa kazini ni watu wa kazi kama yenu. Christina Maslach na Susan Jackson wakaja na kipimo mwaka 1981, chenye pande tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwaona unaowahudumia kama vitu, na kujiona hufanyi lolote la maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likakubali kuiweka hali hii kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, likaeleza wazi kwamba ni hali itokanayo na kazi na si ugonjwa. Ile "kama hawapo" yako inafanana sana na upande wa pili wa Maslach. Inafanana, kama ni kitu kile kile hatujui, na hapo ndipo pa kuchimba.

Nikuelezee kilichonipata mimi, maana kinahusu moja kwa moja unachotaka kufanya. Tasnifu yangu ilihusu manesi wa zamu za usiku katika mkoa wetu huu. Nilikuwa na dodoso lililopimwa nchi nyingi. Nililitafsiri mimi, mwenzangu akalirudisha Kiingereza bila kuona la awali, tukalinganisha, tukaridhika. Ndivyo vitabu vinavyoelekeza. Nikaenda kulijaribu na manesi sita kabla ya kazi yenyewe. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya wodi, saa moja asubuhi, wanatoka zamu. Nikamsomea mmoja sentensi ya kwanza, inayohusu kuchoka. Akaniangalia, akavua viatu, akasema: "Dada, ukiniuliza nimechoka, unaniuliza mwili au mfuko?"

Nilikuwa mtoto wa Ujiji, Kiswahili ndicho nilichozaliwa nacho, na sikuwa nimeliona. Kwetu gari linachoka, shati linachoka, mtu aliyefilisika tunasema amechoka. Dodoso langu lingechanganya umaskini na uchovu wa moyo, na kompyuta isingenionyesha kosa hilo kamwe. Lingenipa namba safi kabisa.

Lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Nesi wa tatu, mama wa makamo, alijibu kila swali kwa neno moja: "Nimezoea." Unajisikiaje mtoto akifariki zamu yako? Nimezoea. Unapoamka kwenda kazini? Nimezoea. Kwenye dodoso langu majibu yake yote yalimweka kwenye kundi la walio salama, kwa sababu hakukubali sentensi hata moja ya uchovu. Nilifunga daftari nikamuuliza tu, kuzoea kukoje? Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema zamani alikuwa akiyajua majina ya watoto wote wodini, siku hizi anajua namba za vitanda.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya. Miezi saba niliyodhani ningekuwa nakusanya takwimu ilikwenda kwenye kusikiliza watu wanavyosema "nimezoea", "nimekinai", "moyo umekufa ganzi", "naenda tu". Hayo ni maneno manne yenye uzito tofauti, na kila moja lina mahali pake kwenye safari ya mtu kazini. Niligundua pia kwamba ngazi za "mara chache", "mara kwa mara", "mara nyingi" hazikushika. Kila mtu alikuwa na mara nyingi yake. Nilipouliza "katika siku saba zilizopita, siku ngapi?" majibu yakatulia. Sehemu ya tasnifu iliyosomwa zaidi na wengine ni hiyo, wala haikuwemo kwenye andiko langu la awali.

Wewe una jambo ambalo mimi sikuwa nalo: miaka tisa ya kuwajua watu hawa. Jiulize "kama hawapo" inaonekanaje kwa macho. Anafika saa ngapi? Anamsalimia vipi mkimbizi mwenye karatasi mkononi? Taarifa yake ya mwezi ina maneno gani ambayo zamani hayakuwemo? Je, inaanza mwezi mkataba unapokaribia kuisha, au inaanza baada ya kupunguzwa mgawo wa chakula kambini, wakati mtumishi analaumiwa kwa jambo asilolipanga? Haya mawili ya mwisho ni maswali tofauti kabisa, na kila moja linakupeleka kwa msimamizi tofauti. La mikataba ni utafiti wa kutokuwa na uhakika wa ajira. La lawama ni la kile wanachokiita jeraha la dhamiri, pale mtu anapolazimika kutenda au kutotenda kinyume na anachoamini. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Kuna watumishi wazawa wa mkoa huu waliozeeka na kambi ile. Tafiti nyingi za watumishi wa misaada zimewatazama wageni wanaokuja na kuondoka. Wanaobaki ni hawa wa kwenu.

Nadharia itakayokusaidia kuanza ni ya Demerouti, Bakker, Nachreiner na Schaufeli, ya mwaka 2001: kila kazi ina mizigo na ina nyenzo. Mizigo ikizidi uchovu unaingia, nyenzo zikikosekana mtu anajitenga na kazi. Nyenzo si pesa na gari tu. Ni bosi anayesikiliza, uhuru wa kuamua, na muda wa kupumua. Fikiria wavuvi wa dagaa pale Kibirizi. Wanavua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo wanapumzika, wanashona nyavu, wanakaa na watoto. Kazi yao ni ngumu kuliko yako na yangu, lakini ina pumziko lililofungwa ndani yake. Kwenye kambi mwezi mpevu uko wapi? Ukiweza kuuliza hilo kwa vipimo, una sura nzima ya tasnifu.

Kuhusu vipimo: kile cha Maslach kinauzwa, unalipia kila nakala. Schaufeli na wenzake walitoa kipimo kingine mwaka 2020 ambacho ni bure kwa utafiti usio wa biashara. Usikitumie tu kwa kuwa ni bure, lakini kwa bajeti ya mwanafunzi wa Kasulu ni jambo la kujua.

Msimamizi ni muhimu kuliko chuo. Nakwambia kwa uchungu, kwa sababu msimamizi wangu wa kwanza alikaa na sura yangu moja miezi minane, na niliporudishiwa ilikuwa na alama mbili za kalamu. Nilibadilisha, na kubadilisha kulinigharimu mwaka. Ukimwandikia mtu, andika kifupi: wewe ni nani kwa sentensi mbili, swali lako kwa sentensi tatu, ni utafiti gani wake uliokufanya umwandikie yeye, na umwombe mazungumzo ya nusu saa. Usimbandikie vyeti saba. Asipojibu wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha nenda kwa mwingine. Akijibu, tafuta mwanafunzi wake aliyemaliza na mwingine aliyeko mwaka wa tatu, uwaulize jambo moja tu: anarudisha kazi baada ya muda gani?

Takwimu nimesema utafute mtu, nieleze kwa nini. Watumishi wako hawaelei hewani. Wamo kwenye timu, timu zina viongozi, viongozi wamo kambi hii au ile. Watu kumi walio chini ya kiongozi mmoja mkali watajibu kwa kufanana, na ukiwahesabu kama watu kumi wasiojuana utapata matokeo ya uongo. Kuna hesabu za ngazi zinazoshughulikia hilo, na kuna uchambuzi wa vipengele wa kukuonyesha kama maswali yako yanapima kitu kimoja au vitatu. Programu za kompyuta za R na JASP ni za bure na zinafanya yote hayo. Jifunze sasa, kwa takwimu za mazoezi, kabla maisha yako hayajategemea majibu.

Na sasa jambo ninaloliogopa zaidi kwako. Wewe ni ofisa rasilimali watu. Mikataba inapita mezani kwako. Ukimpa mtumishi dodoso lenye swali kama bado anaijali kazi yake, atajibu kama mtu anayetaka mkataba wake uendelee, na nani atamlaumu? Hapo ndipo Hawthorne inapokurudia. Kuna njia: fanya utafiti kwenye mashirika mengine na si lako, au mtumie msaidizi asiyejulikana pale, au omba likizo ya masomo ili usiwe na madaraka juu yao wakati unawahoji. Hata hivyo kamati ya maadili ya chuo itakubana kwenye hili, na iko sahihi. Usije ukachukua mafaili ya waliojiuzulu uliyo nayo kabatini ukayafanya takwimu. Waliandika barua zile kwa mwajiri, hawakukuandikia wewe mtafiti.

Vibali vina foleni yake. Chuo kitakupa barua, utaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Kigoma, naye atakuandikia kwa wilaya. Kuingia kambini kwa utafiti kunahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani, hata kama unaingia kila siku kwa kitambulisho cha shirika. Kitambulisho cha kazi si kibali cha utafiti. Tenga miezi kadhaa kwa hayo kwenye ratiba yako, na uiandike kwenye andiko lako.

Ada na maisha: kuna udhamini wa Jumuiya ya Madola kwa uzamivu Uingereza, ambao una sehemu kwa nchi zenye maendeleo duni kama yetu, na kuna DAAD ya Ujerumani yenye programu za kusomea hapa hapa Afrika. Yote mawili yanalitazama swali lako, si alama zako tu. Zungumza na mwajiri pia, lakini mfadhili wa mwaka mmoja hawezi kukuahidi miaka minne, usijenge juu ya ahadi hiyo. Na kama ndoto yako ni kufundisha chuo cha umma, ujue wanaangalia GPA ya shahada ya kwanza na ya uzamili hata ukiwa na uzamivu. Toa vyeti vyako leo uvitazame, ili usije kushangaa ukiwa na miaka 42.

Umri, basi. Mimi nilianza na 38, mwanangu wa mwisho akiwa na mwaka mmoja na nusu. Katika fani hii umri una kazi: mtu wa miaka 24 angesoma "nimezoea" akaweka alama ya salama, akaendelea na ukurasa unaofuata. Gharama yake ni ya nyumbani zaidi. Kaa na mume wako mhesabu pamoja kwa kalamu: nani atawapeleka watoto shule wiki unazokwenda Dar au Kampala, mshahara ukikoma miezi sita mtakula nini, na chumba gani kitakuwa na mlango unaofungwa. Mimi na mume wangu hatukuhesabu mapema. Tulihesabu katikati ya safari, tukiwa tumeshaumizana.

Usiombe chuo chochote mwaka huu. Chukua miezi mitatu usome niliyokutajia humu, uongee na watu watano walioacha kazi yenu zamani, ambao huna tena madaraka juu yao, uwasikilize bila dodoso. Uombe ruhusa yao, usiandike majina. Kisha niandikie ukurasa mmoja. Kama swali lako litakuwa limekaa kwenye sentensi mbili za mwanzo, nitakusomea andiko zima na kukutajia watu watatu wa kuwaandikia. Kama halijakaa, nitakurudishia ukurasa huo na maswali yangu pembeni, uongee na wengine watano.